Jinsi ya Kumsaka Omanyte Iringa Bila Kuambulia Kichocho

Mwongozo huu ni wa kijana mwenye simu yenye chaji, bando la wiki na imani. Ameshuka stendi ya Igumbilo alfajiri, baridi ya mwezi wa saba inamng'ata masikio, na hata chai hajanywa, ameshamuuliza dereva wa bajaji: "Kaka, huku kwenu visukuku vinapatikana wapi?" Dereva wa bajaji hana kawaida ya kumkatalia abiria. Anajibu: "Wewe panda, nitakufikisha." Matatizo ya kijana wetu yanaanzia hapo.

Kwanza, mjue unayemsaka

Omanyte ni kiumbe namba 138 katika ulimwengu wa Pokémon, ulioanzia Japani mwezi Februari 1996 kwa michezo ya Red na Green. Ana gamba la msokoto, macho makubwa ya mtu aliyeamshwa usingizini, na minyiri kumi. Kimo chake ni sentimita 40 na uzito wake kilo 7.5, kwa hiyo anaenea kwenye mapaja ndani ya daladala bila kulipiwa nauli.

Hadithi yake ni kwamba aliishi baharini zama za kale, akatoweka, likabaki jiwe. Mchezaji anayepita pango la Mt. Moon hukuta visukuku viwili na kuruhusiwa kimoja tu. Akichagua cha msokoto, anakipeleka maabara katika kisiwa cha Cinnabar, nao wataalamu wanamrudishia kiumbe akiwa hai, anapepesa macho. Akimlea hadi kiwango cha 40, anageuka Omastar, mwenye kimo cha mita moja na uzito wa kilo 35. Huyo daladala litamtoza.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba waliombuni Omanyte walimnakili mnyama wa kweli, na msakaji akishasikia neno "kweli" hasikii tena la pili. Mnyama huyo ni amonaiti, ndugu wa ngisi na pweza, aliyeogelea katika bahari za dunia kwa zaidi ya miaka milioni 300 kabla ya ukoo wake kufutika miaka milioni 66 iliyopita.

Mchezo wenyewe umemsingizia marehemu. Maelezo ya Omastar yanadai alitoweka kwa sababu gamba lilimwelemea, akashindwa kukimbiza mawindo. Amonaiti hakuelemewa na gamba. Gamba ndilo lililomwelesha. Ndani lilikuwa na vyumba vingi. Mnyama aliishi chumba cha mwisho, kilicho mlangoni. Vyumba vya nyuma aliviacha vitupu, vikajaa gesi, na mrija mwembamba ulipita kutoka chumba hadi chumba kusawazisha maji na gesi ili asizame wala asipae. Mkubwa kuliko wote waliowahi kuchimbuliwa alipatikana Seppenrade, Ujerumani, mwaka 1895. Gamba lake lina kipenyo cha mita 1.74, na sehemu yake imevunjika. Naye alielea.

Kilichowamaliza ni kimondo kikubwa kilichoanguka pale inapoitwa leo rasi ya Yucatán, Meksiko, na machafuko ya hali ya hewa na ya bahari yaliyofuata. Unene hauhusiki.

Usianze na miamba ya mjini

Iringa ni mji wa mawe, na mgeni akiyaona yamebebana mlimani huhisi lazima yanaficha kitu. Hayafichi. Yale ni graniti na jamaa zake: mawe yaliyoyeyuka chini kabisa ya ardhi, yakapoa polepole, kisha mvua na upepo vikayavua udongo. Mnyama akitumbukia kwenye mawe yaliyoyeyuka, habaki kisukuku. Habaki kitu.

Hata umri unakataa. Miamba ya sehemu hii ya Tanzania imezeeka kwa mabilioni ya miaka. Ilipoganda, hapakuwa na kiumbe mwenye gamba popote duniani, baharini wala nchi kavu. Kumtafuta amonaiti ndani ya graniti ya Iringa ni kumtafuta kitukuu kwenye picha ya harusi ya babu.

Hata hivyo utapelekwa Gangilonga, maana kila mgeni hupelekwa Gangilonga. Nenda. Panda juu, utazame mji wote na bonde la Ruaha Mdogo. Wenyeji watakusimulia kwamba hili ni jiwe linalozungumza, na kwamba Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alikuwa akija hapa kupata ushauri. Usicheke. Mwezi Februari 2014 zaidi ya watu milioni moja walicheza Pokémon moja kwa pamoja kupitia intaneti, wakisukumana vitufe kutoka kila pembe ya dunia. Katika vurugu hiyo kisukuku cha msokoto kilikuwa kikichomolewa mfukoni kila mara, hata wakaanza kukiuliza maswali kama mganga, wakakitawaza mungu. Mkwawa angalau alikuwa na vita vya kweli vya kushughulikia.

Onyo: Gangilonga ikikuambia "rudi nyumbani", itii.

Isimila: maji, ndiyo, bahari, hapana

Kesho yake utakwenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Hapa msakaji asiye mwangalifu hupagawa kabisa, kwa sababu ushahidi wote unaonekana kumuunga mkono. Kuna korongo. Kuna nguzo za udongo mwekundu zilizochongwa na mvua, ndefu kuliko nyumba. Kuna tabaka juu ya tabaka, na mzee anayekaa kivulini, ambaye mazungumzo naye huenda hivi:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kamwene. Mbona unatazama chini hivyo, umedondosha nini?"

"Natafuta konokono wa baharini aliyegeuka jiwe."

"Bahari umeiacha Dar ulikotoka."

Babu ana haki. Isimila palikuwa na maji kweli, lakini yalikuwa ya ziwa la kina kifupi, na mifupa ya viboko wa kale imechimbuliwa humo. Waliokaa kando ya ziwa hilo walikuwa watu, na mabaki yao ni zana za mawe: mashoka ya mkono na vipasulio, baadhi vizito kiasi cha kukufanya ujiulize mkono wenyewe ulikuwaje. Zana hizo ziliokotwa na mwanafunzi mmoja mwaka 1951, kisha Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakachimba mwaka 1957 na 1958. Umri unaotajwa ni miaka kama 260,000. Kwa mwanadamu ni zamani mno. Kwa amonaiti ni juzi: alikuwa ameshatoweka zaidi ya miaka milioni 65 kabla ya fundi wa kwanza wa Isimila kupasua jiwe lake la kwanza.

Onyo la pili, na hili halina utani: usiokote. Zana za Isimila zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Shoka la mkono likikutwa kwenye begi lako, "nilidhani ni yai la Pokémon" haitakuwa utetezi.

Omanyte wa mferejini

Sasa tumefika mahali pa hatari.

Baada ya kukatishwa tamaa na mawe, msakaji huteremka bondeni kwenye mifereji ya umwagiliaji, vidimbwi na kingo za vijito, akainama. Na hapo, Mungu wangu, anamwona: gamba dogo, bapa, limejisokota duara kamili, mzunguko ndani ya mzunguko, halina ncha kama ya konokono wa bustanini. Sura ni ileile ya picha. Anavua viatu, anakunja suruali, anaingia majini hadi magotini.

Ndugu msakaji, toka majini.

Huyo anaitwa Biomphalaria. Ni konokono wa maji baridi, upana wake kama sentimita moja, na hupatikana sehemu nyingi za Tanzania. Hajatoweka. Laiti angetoweka. Ndani yake hukua vijidudu vya kichocho cha tumbo. Vikishakomaa hutoka, vikaogelea kutafuta ngozi ya binadamu aliyesimama majini, na kuitoboa bila kubisha hodi. Baadaye huja homa, tumbo kuuma, choo chenye damu, na asipotibiwa kwa miaka mingi, ini kuharibika. Katika michezo wewe ndiye unayemkamata kiumbe na kumtia kwenye mpira. Mferejini utaratibu hugeuzwa.

Tofautisha hivi: amonaiti ni jiwe, hana mwili, na hawezi kutembea juu ya jani. Ukiona gamba linatembea, hujagundua kisukuku. Nenda kituo cha afya, eleza kwamba uliingia majini, upimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na kipimo hutolewa kulingana na uzito wako, siyo kiwango chako kwenye mchezo.

Yule konokono mkubwa anayetambaa bustanini wakati wa mvua, mwenye gamba la kahawia lenye michirizi, naye siye. Huyo ni wa nchi kavu tangu enzi za mababu zake. Mwache ale mchicha wa watu.

Safari isiyo ya lazima ya Mbeya

Mtu atakunong'oneza: "Huku hamna. Nenda Songwe, kule kuna chokaa." Ushauri huu unatoka kwa mtu aliyesoma nusu ya kitabu. Ni kweli mawe mengi ya chokaa duniani yamejengwa na magamba ya viumbe wa baharini, na ni kweli amonaiti wengi hulala humo. Lakini chokaa ya Songwe ilijengwa na chemchemi za maji moto. Maji yalipanda kutoka ardhini yakiwa yamebeba madini, yakapoa, yakayaacha, tabaka kwa tabaka. Ni chokaa nzuri, inatengeneza saruji, na haijawahi kuisikia bahari.

Ukifika huko usirudi mikono mitupu. Pitia Mbozi ukaone kimondo, chuma cha kutoka angani chenye urefu wa kama mita tatu. Lakini usikitazame kwa chuki. Siyo hiki kilichowaua amonaiti. Kile kilikuwa na upana wa kilomita kama kumi, na kama kingeangukia Mbozi, tusingekuwa na Mbozi.

Bonde la Rukwa nalo lina visukuku vya maana, visije vikakuchanganya. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza dinosaria aliyechimbuliwa huko, wakampa jina Rukwatitan. Lakini mawe yaliyomhifadhi yaliwekwa na mito. Mnyama wa bahari hapandi mto mpaka Rukwa kwa ajili ya kukufurahisha wewe.

Dalali wa visukuku

Ukirudi Iringa, habari zako zimeshaenea mjini. Kule Miyomboni atatokea kijana mkarimu mwenye kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ukikifungua, utaona amonaiti wa kweli kabisa, amekatwa katikati, amesuguliwa mpaka anang'aa, vyumba vyote vinaonekana, vimejaa madini ya rangi ya asali. Atakuapia kwamba bibi yake alikilima shambani Kilolo.

Kisukuku ni cha kweli. Bibi ndiye wa kubuni. Amonaiti wa kusuguliwa wanaouzwa kwa watalii duniani wengi hutoka Madagaska na Moroko. Muulize maswali matatu: bibi alikuwa na msumeno wa almasi? Nusu ya pili iko wapi? Na kwa nini mgongoni kuna gundi ya kibandiko cha bei? Ukikipenda kama pambo, nunua kwa bei ya pambo. Ukinunua kwa bei ya ugunduzi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mwenyewe wa jiwe.

Faraja kwa waliokwisha kudanganyika

Usijione mjinga peke yako. Mwaka 1896 mwanasayansi Mwingereza J. E. S. Moore alifika Ziwa Tanganyika. Akaokota konokono wenye magamba mazito, yenye miiba na mapambo ya ajabu, tofauti na konokono wa maziwa mengine. Akayalinganisha na visukuku vya bahari ya zama za Jurasiki. Yakafanana. Tena ziwani humo kulikuwa na kiwavi cha maji, kile kiumbe laini kama mfuko wa nailoni ambacho watu wamezoea kukiona baharini. Moore akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichosahaulika katikati ya Afrika. Akarudi tena mwaka 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima.

Nadharia ilikuwa tamu, na haikuwa kweli. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka katika Bonde la Ufa, na umri wake ni mamilioni kadhaa tu ya miaka, mbali sana na Jurasiki. Konokono wake ni wa maji baridi, waliobadilika humohumo ziwani hadi wakavaa mavazi ya baharini. Ikiwa bingwa mwenye darubini alidanganywa na sura ya gamba, wewe mwenye simu iliyopasuka kioo una nafuu gani?

Moore alisoma gamba, hakusoma mwamba. Sura ya gamba hurudiwa: msokoto umevaliwa na amonaiti, na Biomphalaria, na konokono wa Tanganyika, kila mmoja kwa safari yake. Mwamba ndio unaosema kama palikuwa na bahari, na lini. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe kabla ya kuinama, hakikisha kitanda kipo.

Waliko kweli

Kitanda kipo Lindi. Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, miaka kama milioni 150 iliyopita palikuwa ufukweni. Bahari ilipanda na kushuka, ikaacha tabaka zenye mifupa ya dinosaria na tabaka zenye viumbe wa baharini zikipokezana. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walichimba hapo, na kazi ikasimamiwa na Boheti bin Amrani pamoja na mamia ya wachimbaji wa Kiafrika. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini. Dinosaria mkubwa wa Tendaguru amesimama Berlin tangu mwaka 1937, mrefu wa mita zaidi ya 13, na watu hupanga foleni kumwona. Amonaiti waliotoka tabaka za jirani hawapangiwi foleni na mtu, lakini ndio waliowasaidia wataalamu kujua mifupa ile ina umri gani. Spishi za amonaiti zilibadilika upesi upesi, kwa hiyo ukijua ni spishi gani iliyomo kwenye tabaka, umejua zama zake.

Wengine wako Mombasa. Pale unapovuka kuingia Changamwe na Kipevu, chini ya malori na makontena, kuna udongo mgumu wa bahari ya Jurasiki wenye amonaiti ndani yake. Maelfu ya watu hupita juu yao kila siku wakilaumu foleni.

Kwa aliyeko Iringa njia ya Lindi ni ndefu, uzungukie Dar es Salaam au ushukie Songea na Masasi. Ukienda, nenda kutazama, ukiongozwa na mtaalamu na ukiwa na kibali. Tani 200 zilizokwisha kuondoka zinatosha.

Maagizo ya mwisho

Kama nia yako ni Omanyte wa mchezo, kaa Iringa, fungua Pokémon GO iliyotoka mwaka 2016, na usubiri ajitokeze kwenye kioo. Peremende 50 zitamgeuza Omastar. Usimkimbize ukiwa barabarani Ipogolo. Malori yanayoshuka kutoka Tunduma hayamwoni, na wewe hayakuoni.

Kama nia yako ni kumfufua wa kweli, acha. Kisukuku ni madini yaliyochukua umbo la gamba. Hakuna maabara ya Cinnabar wala ya Dodoma itakayotoa minyiri humo. Wa kale unayeweza kumpata akiwa hai hapa kwetu ni silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na amonaiti hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa tangu mwanzoni mwa karne hii. Naye hakufufuka. Alikuwepo muda wote, tulikuwa hatujamuuliza mvuvi.

Na kama bado umo bondeni, umeinama, macho majini, shika haya matatu: ukiwa na shaka, usiokote, ukishaokota, usioshee mtoni, na kama umeshaoshea mtoni, kapime kichocho.